Safari Fupi, Bibi, Jioni Tumerudi

"Bibi yenu kamwiba mwanangu."

Wifi yangu Yustina alinikaba kola ya shati huku akisema hivyo. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayesoma hukumu, na hilo lilinitisha zaidi.

Tulikuwa kando ya lami, tumeshaipita Kaliua. Kushoto msitu wa miombo, kulia msitu wa miombo. Jua la Oktoba linawaka mpaka barabara inacheza machoni. Mlango wa gari letu, Noah, uko wazi, na kwenye kiti cha nyuma kimebaki kiatu kimoja cha plastiki, cha mtoto…

Bibi hayupo.

Recheli, mtoto wa miaka minne, hayupo.

Vidonge vya presha vya bibi vimo kwenye mkoba wake. Chupa ya maji iko sakafuni, imejaa. Hawakuchukua hata tone.

Na safari yote hiyo niliipanga mimi.

Ndugu zangu, siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu najua wapo humu watu ambao hivi sasa wanamwandalia mzazi wao jambo zuri, kwa siri, kwa mapenzi yote. Tulia usome kwanza.

Naitwa Inamahoro. Kwetu ni Ulyankulu, mkoa wa Tabora. Kwa msiopajua, ni makazi ambako watu waliokimbia mauaji Burundi mwaka 1972 walipewa msitu na jembe, wakaambiwa limeni. Wakalima. Mimi nimezaliwa hapo, baba yangu alizaliwa hapo, na leo sisi ni Watanzania wenye karatasi zetu.

Aliyenilea ni bibi Veridiana, mama wa baba. Baba alipofariki, bibi aliinama kwenye tumbaku mpaka mgongo ukagoma kunyooka, mimi nikasoma hadi chuo kikuu. Nina shahada ya historia. Ajira bado, lakini sijakata tamaa. Ndoto yangu ni kutembeza watu kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji, niwaonyeshe kuwa historia yetu siyo ya kusoma tu, inatembeleka.

Basi nikajiuliza, abiria wangu wa kwanza awe nani kama si bibi?

Mpango ulikuwa huu. Tunaanzia Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Halafu tunaelekea magharibi, Urambo, Kaliua, Uvinza, mpaka Ujiji ziwani. Hapo bibi asimame ufukweni, aione milima ya kwao kwa mbali, baada ya miaka yote hiyo… Mimi nimeshika simu, narekodi, yeye analia kwa furaha.

Mmeziona hizo video. Mimi nilikuwa nazitazama mpaka machozi yananitoka.

Kwa hiyo tukamficha. Nilimwambia tunakwenda Tabora kupimwa macho. Macho yake ni mekundu siku zote, moshi wa kuni wa miaka mingi, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri.

Asubuhi ya safari nilimkuta amesimama mlangoni na lile sanduku lake la bati.

"Nichukue karatasi ya uraia?" akaniuliza.

Nikacheka. Nikamkumbatia.

"Ya nini, bibi? Safari fupi tu. Jioni tumerudi."

Kisha akalirudisha sanduku chini ya kitanda.

Kumbukeni hilo.

Garini tulikuwa watano. Baba mdogo Ferdinandi, mdogo wake baba ambaye bibi alimzaa Ulyankulu kwa mume wa pili, ndiye dereva na ndiye mwenye utani wa familia nzima. Mimi ananiita Profesa. Yustina ni mke wa kaka yangu Aleksi, ambaye anaendesha lori la mpunga huko Igunga na siku hiyo alikuwa kazini. Yustina ni Mnyamwezi, muumini wa kanisa la Moraviani, binti wa Tabora mjini. Recheli ni mtoto wao, ila analelewa zaidi na bibi kuliko mtu mwingine yeyote. Analala kwake, anakula kwake, na jioni anasali naye.

Njiani ilikuwa raha tupu. Recheli alihesabu ng'ombe mpaka namba zikamwishia, akaanza kuwapa majina. Baba mdogo akaniuliza kama kwenye historia yangu kuna mahali wameandika misafara ilijisaidia wapi, maana sisi choo tumekiacha nyuma.

Kwihara tulipokelewa na kijana mpole, akatuzungusha ndani ya lile tembe, akatueleza habari za wapagazi, pembe za ndovu, na watu waliopitishwa njia hiyo wakiwa wamefungwa. Bibi alisikiliza kila neno. Mwishoni akauliza swali moja.

"Hao waliokuwa wanapelekwa, walikuwa wanaambiwa wanakwenda wapi?"

Kijana akakuna kichwa. Akasema kwa kweli hajui, labda hawakuambiwa.

"Hawakuambiwa," bibi akarudia.

Mimi nikampiga picha akiwa amesimama kwenye ule mlango wenye nakshi. Ninayo mpaka leo. Siwezi kuitazama.

Tulipotoka aliuliza kuhusu daktari wa macho. Nikamwambia leo daktari yuko Urambo. Uongo wa pili. Tukafika Urambo, tukapita. Bibi akageuza shingo, akaitazama njia inayokwenda Ulyankulu ikibaki nyuma yetu.

"Njia ya nyumbani ile pale," akasema.

Baba mdogo akamtazama kwenye kioo, akacheka.

"Mama, leo tunakurudisha kwenu!"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi, maana nilijua siri.

Bibi hakucheka. Alikuwa anatafuna karanga. Akaacha. Akazikusanya zote zilizobaki, akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake, fundo gumu. Nikadhani anamwekea Recheli.

Mbele ya Kaliua tukasimama kuchimba dawa. Yustina alikuwa amelala. Baba mdogo akaenda kujisaidia upande wake. Mimi nikasogea nyuma ya gari kumpigia mzee Nikolaus, mwenyeji wetu wa Ujiji. Mtandao ulikuwa mbovu, nikalazimika kupaza sauti.

"Ndiyo, tunakuja naye… Hapana, hajui kitu. Tukimwambia mapema atagoma… Nyie mpokeeni tu akishuka!"

Nikakata simu, nikageuka.

Bibi alikuwa amesimama hapo hapo, amemshika Recheli mkono.

Akatabasamu. Wallahi, bibi yangu alitabasamu.

"Nampeleka mtoto vichakani," akasema.

"Haya bibi. Msiende mbali."

Ndiyo mara ya mwisho niliyowaona.

Mwanzoni hatukushtuka. Mzee ana mwendo wake. Kisha baba mdogo akapiga honi. Kisha akapiga tena. Nikaingia vichakani, nikaita. Nikakuta nyasi, nikakuta mavi ya mbuzi, nikakuta kimya. Miombo ya Oktoba imepukutika nusu, nusu imeanza kuchipua majani mekundu, kila upande unafanana na upande mwingine. Nikaita mpaka sauti ikakwama.

Niliporudi barabarani mikono mitupu, Yustina alikuwa ameamka.

Hapo ndipo aliponikaba.

"Bibi yenu kamwiba mwanangu."

Nikamwambia wamepotea tu, bibi ni mzee, amekosea njia. Akanisukuma kifuani.

"Mtu anayepotea anaitikia akiitwa. Nyie watu wa kambini mna mambo ya kufichana. Nimeyaona tangu siku naolewa. Minong'ono, minong'ono. Leo mmenong'ona mpaka mtoto wangu kaenda."

Watu wa kambini… Nimezaliwa nchi hii. Nimeimba wimbo wa taifa kila asubuhi shuleni. Lakini kuhusu minong'ono alikuwa sahihi.

Akapita bodaboda. Tukamsimamisha, akageuza kwenda kijiji cha karibu, sitakitaja jina. Haukupita muda tukasikia yowe. Kule Unyamwezini mtu akipotea hawaanzi na simu. Mmoja anapiga yowe, wa pili anapokea, wa tatu anapokea, mpaka kijiji kizima kinatoka. Wakaja sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa miguu, kwa baiskeli, wawili kwa pikipiki moja. Fimbo, mapanga, pinde, filimbi shingoni. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mathias, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu juani.

Nililia. Watu hawanijui, wameacha kazi zao, wamekuja kumtafuta bibi yangu. Nikajiambia, hii ndiyo Tanzania ninayoiamini.

Wakajipanga mstari, wakaingia msituni. Filimbi zikalia kila upande. Wakawa wanaita kwa pamoja, sauti nzito za wanaume…

"Veridianaaa! Toka!"

Msitu ukanyamaza.

Jua likaanza kushuka. Kila mstari uliorudi, ulirudi bila kitu. Mmoja alileta kiatu cha pili cha Recheli. Yustina alikipokea, akakaa chini kwenye changarawe, akakifuta vumbi kwa kanga, akafuta tena, akafuta tena.

Mzee Mathias akaniambia kwa upole kwamba fisi wa upande ule hawasubiri giza liingie sawasawa.

Na hapo ndipo nikasikia jambo jingine.

Vijana walikuwa wamekaa kivulini wakinywa maji. Mmoja, Zablon, mrefu, rungu kwapani, alikuwa anawauliza wenzake. Hakuniona.

"Bikizee. Macho mekundu. Kamchukua mtoto siyo wake, kaingia naye porini. Anaitwa, haitiki. Nyie mnadhani ni nini hicho?"

Wakatazamana.

Ndugu zangu, nyote mnajua ni nini kimewahi kuwapata vikongwe wenye macho mekundu walioitwa wachawi katika mikoa yetu. Sina haja ya kueleza. Nilikuwa nimeita watu wamwokoe bibi, na sasa nilikuwa naomba wasimwone. Akionekana na Zablon, kichakani, mtoto mikononi, hapana mtu mwingine karibu…

Nikakimbia kwa baba mdogo. Yule mtu wa utani alikuwa amekaa nyuma ya gari, mgongo kwenye tairi, analia kimya kimya kama mtoto.

"Hatatoka, Profesa," akaniambia.

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Mama hatoki kwenye kelele. Tulipokuwa wadogo, hata watu wa harusi wakipita na ngoma, alikuwa anazima kibatari, anatulaza chini, anatuziba midomo. Mimi na baba yako. Tulikuwa tunacheka chini ya mkono wake. Tulidhani ni mchezo."

Akajifuta pua kwa mkono wa shati.

"Na mimi leo nikamwambia namrudisha kwao."

Nilisimama pale, na kila kitu nilichokifanya tangu asubuhi kikaanza kurudi kimoja kimoja. Minong'ono. Gari. Karatasi ya uraia iliyoachwa chini ya kitanda. Safari fupi, jioni tumerudi. Njia ya nyumbani tukaipita. Hajui kitu. Akishuka mpokeeni…

Na sasa wanaume wenye mapanga na filimbi, msituni, wanaita jina lake.

Mungu wangu. Sisi hatukuwa tunamtafuta. Tulikuwa tunamkimbiza.

Nilimfuata mzee Mathias. Nikamwomba awatoe watu wote msituni. Wanyamaze. Waweke silaha chini, wakae barabarani mbali.

Akanishangaa. "Binti, mtoto akiliwa na fisi mimi nimenyamaza, nitamwambia nini mama yake?"

"Nitajibu mimi."

"Wewe siyo mama yake."

Ni kweli. Nikageuka kwa Yustina. Nilipiga magoti kwenye ile changarawe mbele yake, nikamweleza kila kitu, haraka haraka, hata ule uongo wa daktari. Nilidhani atanipiga. Alinitazama na kile kiatu mikononi.

"Recheli akilala bila bibi yenu huwa analia," akasema. "Tangu saa zile sijasikia mtoto analia humo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wako pamoja, na hajaumia."

"Ndiyo, wifi."

Akainuka, akamwendea mzee Mathias, akasema maneno machache kwa Kinyamwezi. Yule mzee akavua kofia yake, akaikunja, akaweka filimbi mdomoni, akapiga mara moja, ndefu.

Wakatoka wote. Zablon alitoka wa mwisho, na rungu alikataa kuliweka chini.

Nikachukua kanga, nikaitandika mahali nyasi zilipoanza, pale walipoingilia. Nikakaa. Yustina akaja akakaa pembeni yangu bila kuombwa. Jua lilikuwa limegusa miti. Nyumbani, saa kama hii, bibi huwa ameshakalia kigoda chake, Recheli mapajani, anasubiri rozari. Mimi huanzisha, wao huitikia. Kila siku ya maisha yangu.

Sikuita jina lake. Nilianza tu, kwa sauti ya kawaida, sauti ya nyumbani.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe…"

Nikafika nusu. Nikaacha. Nusu ya pili siyo yangu, ni yao.

Kimya.

Nikaanza tena. Kimya. Tena. Ndege mmoja akalia, akaacha. Yustina hajui rozari, kwao hawasali hiyo, lakini nilimwona amefumba macho, midomo inasema yake. Nyuma yetu kijana mmoja akakohoa, nikasikia mzee Mathias anamnyamazisha.

Salamu ya nne. Ya tano. Giza lilikuwa linapanda kutoka mizizini. Nikafikiria fisi. Nikafikiria moyo wa bibi usio na dawa. Nikafikiria nitakavyompigia kaka yangu Aleksi simu, na nitaanza na neno gani…

Nikainama, nikalia, nikaona nimeshindwa.

Halafu nikakumbuka kitu. Nilikuwa nimeanza vibaya. Kwa hofu nilirukia sala moja kwa moja, na bibi hakubali hilo. Anasema sala isiyo na ishara ya msalaba ni maneno tu. Utotoni alikuwa ananirudisha mwanzo.

Nikajifuta uso. Nikanyoosha mgongo. Nikapeleka mkono kwenye paji la uso.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu…"

"AMINA!"

Sauti ndogo. Kali. Ya mtoto anayeona mmechelewa kuanza.

Yustina alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

Ilitoka kwenye kichuguu. Kichuguu kikubwa kilichoota mti juu yake, chenye uwazi uliojificha nyuma ya mizizi, hapo hapo mbele yetu. Sungusungu walikuwa wameegemeza baiskeli zao pale. Tulikuwa tumekizunguka mchana kutwa.

Sikuinuka. Sijui nilipata wapi nguvu ya kutoinuka. Nikasema tu, "Salamu Maria, umejaa neema…" mpaka nusu.

Na sauti ya mzee, kavu kama majani, ikamalizia.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu…"

Bibi akatoka. Recheli alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge, mdomo umejaa unga wa karanga. Miguu ya bibi ilikuwa na damu ya miiba. Macho mekundu, mekundu kuliko siku zote.

Nyuma yangu nikasikia changarawe. Zablon alikuwa amesimama, rungu mkononi.

Nilijitupa katikati. Lakini mzee Mathias alikuwa ameshafika. Alipita pembeni yangu, kofia mkononi, akaenda mpaka mbele ya bibi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi akamtazama. Akaitazama ile filimbi shingoni kwake.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Mathias akageuka akawatazama vijana wake. Mmoja mmoja wakaanza. Shikamoo mama. Shikamoo. Shikamoo bibi. Bibi akaitikia zote, na Zablon alipofikiwa na zamu, macho ya wenzake yote yalikuwa kwake. Rungu likateremka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechoka, mjukuu wangu. Kaa chini."

Yustina alikuwa ameshamfungua mtoto mgongoni, anamnusa kichwani kama paka. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya bibi.

"Nilidhani mnanirudisha," akasema.

"Bibi, tulikuwa tunakupeleka kuona ziwa. Kutembea tu. Nilitaka ufurahi."

Akaketi kwenye kanga niliyoitandika.

"Babu yako alikuja kuitwa na askari asubuhi. Wakasema safari fupi, jioni atakuwa amerudi. Alicheka, akaniambia niache ugali wake mekoni."

Akakunja kitenge chake.

"Mimi ningekwenda," akaendelea. "Nimezeeka, mngenishusha popote. Nilitaka niondoke peke yangu, nisiwasumbue. Lakini huyu mtoto alikuwa ananichekea. Nikakumbuka mwenzake."

"Mwenzake nani, bibi?"

"Tulipokimbia nilikuwa na wawili. Baba yako nilikuwa naye tumboni, na binti wa umri huu mkononi. Pale mpakani tulipopakiwa, gari likajaa. Wakaniambia mtoto apande linalofuata, nitamkuta mbele."

Akamtazama Recheli.

"Linalofuata halikuja."

Baba mdogo alikuwa amesogea, akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, mbona hukutuambia tuna dada?"

"Niliwaambia. Kila siku namwita nyumbani humo."

Akaweka kiganja chake shavuni pangu.

"Inamahoro."

Ndugu zangu… nimebeba jina hilo maisha yangu yote. Nimeliandika kwenye kila mtihani, liko kwenye cheti changu cha chuo. Nilijua tu ni jina zuri la Kirundi. Bibi alinipa siku niliyozaliwa. Alijiapia kwamba huyu hatapanda gari asilolijua.

Na mchana ule, kando ya barabara, alisikia sauti ya Inamahoro huyo huyo ikisema kwenye simu, hajui kitu.

Nililia mpaka akachoka kunibembeleza, akaniambia nimpe maji na vidonge vyake, kulia nitamalizia garini.

Baadaye nilimuuliza aliwezaje kumnyamazisha Recheli mchana kutwa. Akasema alimziba mdomo kwa mkono kila filimbi zilipokaribia. Mtoto akadhani mchezo. "Lakini uliposema kwa jina la Baba, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye paji la uso."

Mkono ukatoka mdomoni mwa mtoto. Basi.

Tulilala kwa mzee Mathias. Asubuhi Yustina alimletea bibi maji ya kuoga, akamkalisha, akamtoa miiba miguuni mmoja mmoja. Sikusikia walichoongea, ila nilisikia neno "kambini" na nikasikia Yustina analia. Bibi alimwambia kwa sauti kwamba hata yeye angekuwa ameibiwa mtoto, angetukana zaidi ya hapo.

Kisha tukasimama mbele ya gari. Baba mdogo akashika funguo. Na mimi, msomi wa historia, kwa mara ya kwanza nikauliza swali ambalo nilitakiwa kuanza nalo.

"Bibi, wewe unataka kwenda wapi?"

Alifikiri sana. Nadhani halikuwa swali alilozoea.

"Nyumbani," akasema. "Ila nikae mbele."

Akakaa mbele. Tulipofika Urambo, tukakunja njia ya Ulyankulu, akaanza kuzungumza. Hapa ndipo lori lilipowashusha, palikuwa msitu, simba analia. Hapa walipewa majembe. Simama, Ferdinandi. Tukashuka. Kisiki hiki, mti wake aliukata yeye mwenyewe, tumbo likiwa kubwa. Hapa chini ndipo alipozaliwa baba yangu. Kisima kile, maji ya kwanza yalikuwa ya udongo, wakanywa, wakaimba.

Nimepita mahali hapo kila siku nikienda shule. Nilikuwa nimepanga kuwapeleka watu Ujiji kuwaonyesha historia… na yenyewe nimelala nayo nyumba moja miaka yote.

Recheli akauliza kama kwenye kisima kuna ng'ombe. Bibi akamwambia wapo, ila ni wa zamani.

Somo langu ni hili, na nililipata kwa bei mbaya. Usimfiche mtu safari yake. Zawadi kwako inaweza kuwa jeraha kwa mwenzako, na wewe hujui, kwa sababu hujawahi kuuliza. Kabla hujaandaa video, kaa chini na mzazi wako. Muulize alitoka wapi. Muulize anaogopa nini. Muulize jina lako alilitoa wapi.

Jioni, rozari ilipokwisha, bibi aliniita kabla sijatoka chumbani kwake. Sanduku la bati lilikuwa limefunguliwa, ile karatasi ya uraia ameiweka juu kabisa ya nguo.

"Hilo ziwa lenu," akasema, "ni kubwa sana?"

"Sana, bibi. Huwezi kuona mwisho wake kirahisi."

Akafunga sanduku.

"Mwakani uniulize. Nitafikiri."